Mama Aliyekaa Uani

Mirta Gaitán alimzaa Ulises, akamlea, akamfunga kamba za viatu hadi alipojua kuzifunga mwenyewe, lakini hakuwahi kumwona akicheza mpira. Ukimweleza mtu wa mbali hawezi kuamini, maana Ulises huyo kila mtu amemwona. Sisi wa mji mdogo wa Las Acacias tumemchora kwenye ukuta wa ghala la nafaka, mrefu kuliko mnara wa kanisa, na mchoraji alimpa pua isiyo yake lakini nywele kazipatia. Kwa kinyozi ukisema "nikate Ulises" huna haja ya kuongeza neno. Bwana Rinaldi wa duka la mikate anaoka keki yenye namba saba juu, namba ya jezi yake, imejaa maziwa matamu hadi yanachuruzika. Watoto waliozaliwa mwaka wa mabao yake ya kwanza wanaitwa Ulises, na mmoja, msichana, anaitwa Ulisa, Mungu amsaidie.

Mirta mwenyewe jina lilimpotea. Alikuwa mshonaji, na makoti meupe ya shule ya watoto wetu wote yamepita kwenye cherehani yake, lakini siku zile hata waliosoma naye darasa moja walimwita Mama Ulises. Walimshika mkono dukani. "Mama Ulises, jana kijana kawachezea! Umeiona ile krosi?"

"Nimeiona," alijibu Mirta, na alikuwa anasema uongo.

Si kwamba hakutaka kuona. Ulises alipokuwa mdogo katika timu ya watoto ya klabu yetu, akina mama walikuwa na zamu ya kuchoma soseji kando ya uwanja ili klabu ipate mipira na viatu. Kwa wengine ilikuwa zamu. Kwa Mirta ilikuwa kila Jumamosi, kwa sababu hakujua kukataa na soseji zake hazikuungua. Jiko lilikuwa nyuma ya goli, limeelekea barabarani. Basi mtoto alicheza huko mgongoni mwake, naye moshi machoni, akisikia watu wanapiga kelele. Alipogeuka alikuta watoto wamerundikana juu ya mtu, na miguu inayotokeza chini ni ya mwanawe.

Kisha Ulises akachukuliwa na klabu kubwa ya jimbo, na siku moja, kijana bado ana chunusi, wakamwingiza uwanjani na televisheni ikaonyesha. Nyumbani kwao palijaa. Alikuwepo Osvaldo, mume wa Mirta, dereva wa lori la maziwa. Alikuwepo Chiche, mdogo wake Osvaldo, ambaye hajawahi kufanya kazi ya maana lakini ana maoni juu ya kila kazi. Alikuwepo Bi Porota, jirani, mjane, aliyefuata vitafunio. Mirta moyo ulimwenda mbio, na wingu la mvua lilikuwa linakuja, akatoka uani kuanua mashuka apate kutulia. Akiwa huko nyumba ikalipuka.

"Mirta! Mirta wee! Uli kafunga!"

Akaingia mbio na shuka begani. Kabla hajakaa, wale wengine wakasawazisha. Chiche akamgeukia taratibu.

"Shemeji, bao letu lilipoingia ulikuwa wapi?"

"Uani. Naanua mashuka."

"Basi rudi uani."

"Chiche, mwanangu anacheza."

"Ndiyo maana nakwambia. Unataka ashinde au unataka ukae kwenye kochi? Rudi na hilo shuka lako, usitutie nuksi."

Mirta akatoka anacheka. Hajamaliza kubana shuka kwenye kamba, mtaa mzima ukapiga kelele, Ulises kafunga la pili. Ndivyo ilivyoanza.

Kwetu timu haishindi kwa miguu peke yake. Ulichokuwa unakifanya wakati bao linaingia, hicho utakifanya mechi zote zinazofuata, na ole wako ukibadilisha. Osvaldo alikuwa na kiti chake chenye mkono uliovunjika, na hakuna ruhusa ya kukitengeneza. Chiche alivaa kofia ya sufu hata Januari jua linapopasua vichwa. Bi Porota aliketi ameipa televisheni mgongo, na hakulalamika kamwe, maana mpira alikuwa haupendi tangu enzi za marehemu. Mbwa alifungiwa bafuni. Mirta alikuwa na uani kwake, na mlango ulifungwa kwa ufunguo kwa ndani, asije akajisahau.

Siku moja walifungwa naye yuko nje. Chiche alifanya uchunguzi kama askari, akagundua kwamba katikati ya mchezo Mirta alitoka kwenda kwa Bi Porota kuzima jiko lililosahauliwa. "Umeona?" alisema. "Umeona mwenyewe?" Hata marudio ya mechi alikatazwa. Aliwahi kuwasha televisheni asubuhi moja aangalie mechi ya jana yake, Chiche akatokea sijui wapi, akachomoa waya ukutani.

"Lakini imeshachezwa!" alisema Mirta.

"Shemeji, gundu halisomi kalenda."

Unaweza kuuliza kwa nini hakuwafukuza wote na ufagio. Ni kwa sababu alikuwa wa hapahapa kama wao. Kuamini hasa hakuamini, lakini hakuwa na uhakika wa kutoamini, na aliyekuwa uwanjani ni mwanawe. Kama kusimama kwenye baridi ya Julai mikono ndani ya aproni kunamsaidia mtoto hata kidogo tu, nani angeingia ndani?

Akakaa nje, na akamtamani. Mabao aliyaona baadaye kwenye simu za watu, lakini bao ni kupepesa jicho tu. Alitaka kumwona kwenye zile dakika nyingine, ambazo hakuna anayezirekodi. Anasimamaje mpira ukiwa mbali. Anaongea na nani. Akichoka anafanyaje. Mambo anayojua mama yeyote ambaye mwanawe anafanya kazi mbele ya macho yake. Mashabiki waliyajua, wauza karanga wa uwanjani waliyajua, yeye hakuyajua.

Na nyumbani Ulises alikuja kwa nadra. Alipokuja, nyama ilichomwa kuanzia asubuhi, watu wakaja na jezi za kusainiwa, na Mirta akazunguka na sahani. Alimwona mwanawe katikati ya mabega ya wengine. Jioni gari likaja kumchukua. "Mama, mara nyingine tutaongea vizuri," alisema Ulises, na alimaanisha. Mara nyingine ikawa vilevile.

Halafu ikaja habari kwamba ameuzwa Ureno. Ilibaki mechi moja tu, ya Jumapili, nyumbani kwa klabu. Wakishinda wanakuwa mabingwa, jambo ambalo klabu ile haijalijua tangu iundwe. Las Acacias iliacha kulala. Mirta alilichukua neno moja tu katika yote yaliyosemwa redioni, nalo ni "mwisho". Alimpigia Ulises simu.

"Baba, Jumapili nataka nije uwanjani."

"Jumapili hii?"

"Si ndiyo ya mwisho?"

"Mama, utakuja Ureno. Nitakutumia tiketi ya ndege, utaona mechi hadi uchoke. Hii moja niachie."

"Na wewe unaamini mambo ya Chiche?"

"Siamini. Lakini ile siku ulipokwenda kwa Bi Porota, mbona niligonga mwamba mara mbili?"

Mirta alicheka, ili asikike anacheka. "Haya. Nitakaa uani."

"Wewe ndiye bahati yangu, bi mkubwa, unajua eh?"

Alipoweka simu alishona mkono wa koti la mtoto mmoja upande usio wake, ikabidi aufumue.

Jumapili, Chiche alitangaza kwamba kwa uzito wa mechi, kila mtu ashike nafasi yake mara tu baada ya chakula cha mchana. Mirta alitoa vyombo, akatoka uani na karai la mashuka, na nyuma yake ufunguo ukazunguka. Akayatundika yote. Alipomaliza alisimama katikati ya kamba, akasikia ndani Osvaldo anamwambia Bi Porota ageuke vizuri, na ghafla akaona hasira inampanda ambayo hakujua kuwa anayo. Atavuka bahari, aliwaza, na mimi nitakuwa nimebaki na vibanio mkononi. Akavua aproni. Koti lake la kijani lilikuwa limening'inia stoo. Akapita lango la nyuma, akapanda basi la jijini, na njia nzima alishikilia pochi kwa mikono miwili.

Uwanjani tiketi zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Msichana wa dirishani alimwambia hivyo bila kuinua uso, na Mirta, aliyechoka, akasema wala hahitaji kiti, atasimama popote, ni mama wa Gaitán. Msichana akainua uso. Akaomba kitambulisho. Akakisoma, akamtazama tena, kisha akafungua droo.

"Kumbe mpo," alisema. "Kila mechi ya hapa anaacha mbili, za familia. Zinabaki hapa hapa. Wenzake waliwahi kumwomba awape, akakataa katakata."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi, mama."

Mirta alizichukua, akaenda kusimama kando ya ukuta, akazisoma mara mbili.

Viti vilikuwa jukwaa la wanachama, karibu na bendera ya kona. Aliketi kimoja, kingine akaweka pochi. Jirani yake alikuwa mzee mmoja mpole mwenye chupa ya maji moto na kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwetu, ambaye alimkaribisha anywe kabla hata hawajasalimiana vizuri, akampa na mto akalie. Timu zilipoingia Mirta alimtafuta namba saba, akampata, na kuanzia hapo hakuangalia kitu kingine. Mpira ulikokwenda hakujua. Mzee alipopiga kelele "Unaona hiyo, mama?" alijibu "Naona," na safari hii alikuwa anaona, ila si hiyo. Alilia kidogo, akajifuta na ncha ya skafu. Alifurahi mpaka akajisikia aibu, kama mtu anayekula peke yake.

Ilikuwa sare hadi mwisho, na sare haikutosha. Dakika za nyongeza Ulises aliangushwa ndani ya boksi, refa akaonyesha penalti, na uwanja mzima ukaanza kumwita jina. Aliuchukua mpira mwenyewe. Akauweka. Akarudi nyuma. Akapiga, na kipa akaupangua ukatoka kona. Kona ikapigwa, ikaokolewa, kipenga kikalia.

Kwa muda mfupi Mirta aliamini kila kitu. Nimemmaliza, aliwaza. Nimekuja nimemmaliza mwanangu kwa macho yangu.

Kando yake yule mzee mpole alikuwa amesimama juu ya kiti, uso mwekundu. "Alaaniwe mama aliyekuzaa!" alipiga kelele. "Alaaniwe na tumbo lake!"

Mirta akamvuta kwenye koti. "Mama mwenyewe ni mimi," alimwambia.

Mzee akamtazama. Akashuka kwenye kiti, akavua kofia, akaketi. "Nilikuwa nasema tu, mama."

"Najua."

"Mtu husema tu."

"Najua, mzee wangu. Nami ningesema."

Mzee akamimina yerba ya mwisho, ilikuwa imepoa, akampa. Wakabaki wawili wanaangalia watu wanatoka.

Nyumbani hakuna aliyemtafuta. Waliufungua mlango baada ya kipenga, wakaona mashuka kwenye kamba, wakadhani amekwenda kulilia kwa dada yake. Mirta alipoingia, Osvaldo alikuwa amekaa gizani kwenye kiti chake kibovu, hakuuliza kitu.

Jumatatu asubuhi Ulises kwenye ukuta wa ghala alikuwa amemwagiwa rangi nyeusi usoni. Dukani kwa Rinaldi keki za namba saba hazikuwepo kwenye kioo. Foleni ilifika mlangoni, na Mirta alipoingia hawakushusha sauti kama watu wenye haya wangefanya.

"Kauza mechi," alisema Rinaldi akifunga mikate kwenye karatasi. "Kichwa kiko Ureno tayari, sisi tunamhusu nini?"

"Asikanyage hapa tena," alisema mwingine. "Nyama yetu kala ya kutosha."

Chiche alikuwa mbele kwenye foleni, bila kofia. "Mimi mwenyewe damu yake," alisema, "lakini kwa jana simtetei."

Mirta aliwasikiliza. Anatujua, kaishi nasi maisha yake yote. Alijua kuna kitu kimoja tu duniani ambacho Las Acacias ingekilaumu kabla ya mguu uliokosa.

"Nilikuwa uwanjani," alisema.

Akarudia kwa sauti. "Jana nilikuwa uwanjani. Niliwaacha na mlango wenu, nikapita lango la nyuma, nikapanda basi. Penalti nimeiona kwa macho yangu haya."

"Shemeji," alisema Chiche, "usinitanie kwa jambo kama hili."

"Jukwaa la wanachama, karibu na kona. Kamuulize msichana wa tiketi."

Chiche akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. Rinaldi akaweka mikate chini. Na kwenye foleni, nyuma, mtu akashusha pumzi ndefu, akasema kilichokuwa kwenye mioyo yao wote: "Basi, maskini kijana. Angefanyaje?"

Mchana ule ule mtu alipandisha ngazi kwenye ghala akamsafisha uso. Keki zikarudi kesho yake. Aliyelipia kosa ni Mirta. Makoti ya shule yalikwenda kushonwa mji wa jirani. Akina mama aliowabebea zamu za soseji walivuka barabara wakimwona. Bi Porota pekee ndiye aliyeendelea kuja, akisema mpira wenyewe ni upuuzi, ila alikuja kupitia nyuma. Osvaldo alikula amesimama, asiketi naye meza moja.

"Miaka yote ile, Mirta," alimwambia hatimaye. "Jumapili moja tu ikakushinda?"

"Zilizotangulia hazikunishinda, Osvaldo. Zote nilizikaa."

Ulises hakuja kuaga. Ijumaa mchana simu ililia, na nyuma ya sauti yake zilisikika sauti za uwanja wa ndege, watu wanaitwa kwenye milango.

"Mama. Chiche kanipigia."

"Nilijua atakupigia."

"Ni kweli, au umesema tu ili waniache?"

Hapo njia ya kutokea ilikuwepo, pana, na ameiweka yeye mwenyewe mtoto. Mirta hakuipita. "Ni kweli," alisema. "Uliniomba nisije, nikaja. Nisamehe, baba."

"Koti la kijani," alisema Ulises.

"Ulijuaje?"

"Mechi zote za nyumbani natazama vile viti kabla sijapiga kitu chochote. Kona, faulo. Huwa vitupu. Nimezoea. Ile penalti nikainua macho, nikaona mtu. Nikajiuliza, ni mama yule? Halafu refa akapuliza."

Mirta aliketi. Alikuwa amejitwika mbele ya watu kosa ambalo alidhani ni la uongo, na kumbe lilikuwa lake kweli. Upande wa pili wakaanza kuita ndege ya Lisbon.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Nilicheza vipi?"

Ulises alikuwa hajawahi kumuuliza hivyo. Aliwauliza baba yake, Chiche, waandishi wa habari, kinyozi. Mama yake hakumuuliza, maana angejibu nini?

"Unaongea peke yako," alisema Mirta. "Mpira ukiwa kwa kipa wenu midomo inakwenda. Nilidhani unasali."

"Nahesabu mabeki."

"Na ukichoka unaweka mikono kiunoni, halafu unaitoa haraka, hutaki waone. Na yule beki wao mrefu alipoanguka, ulimwinua, ukamfuta majani mgongoni. Hakuna aliyekuwa anaangalia, mpira ulikuwa upande mwingine kabisa."

Wakaita ndege tena.

"Nenda, baba, utaachwa."

"Bado hawajafunga mlango," alisema Ulises, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Endelea. Niambie tangu mwanzo, tulipoingia tu uwanjani."